Nyumba Isiyo na Nukta

Kilifi, 6 Oktoba 1986
Asubuhi ya mvua nyembamba, upepo hakuna.

Kwa Mama yangu Bi Shekha, Mambrui.

Shikamoo Mama. Natumai wewe na mwanangu Kibibi ni wazima. Mimi ni mzima, chumba nilichopanga hakivuji na kazi nimeizoea.

Naandika kwa jambo moja. Hapa ofisini kazi yangu ni kupokea hesabu za wagonjwa kutoka zahanati na kuzipiga chapa. Hesabu za kwetu zimenitia wasiwasi. Homa ya matumbo ilikuwa wagonjwa wanne mwezi wa Julai, Agosti wakawa kumi na mmoja, na Septemba ishirini na sita. Kati ya hao ishirini na sita, kumi na tisa ni wa mtaa wetu, na mtaa wetu hauna hata sehemu ya sita ya watu wa mji. Wawili wamefariki. Ukilinganisha sehemu hizo utaona kuwa hatari ya mtu wa mtaa wetu ni zaidi ya mara kumi ya mtu wa mtaa mwingine. Nadhani ni maji, na maji yetu ni ya kisima cha marehemu baba, Maalim Faki.

Naomba Kibibi asiyanywe mpaka yachemshwe, na uwaambie majirani. Lile shimo jipya la choo mlilochimba nyuma ya ukuta wa kisima, naomba lifukiwe. Maulidi yanakuja mwezi ujao na wageni wote hunywa pale.

Mkaza mwanao,
Mahfudha


Mambrui, 10 Oktoba 1986

Kwa mkaza mwanangu Mahfudha, aliyekwenda Kilifi kutafuta mshahara.

Salamu zako zimefika, nasi tunakurudishia zilizo bora kuliko hizo. Mtoto hajambo. Amenona. Ameanza kuniita Mama, nami nimemwacha, maana mtoto huita jina la aliye karibu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Nne, kumi na moja, ishirini na sita, sehemu ya sita, mara kumi. Mimi si muuza duka, mwanangu. Nilitafuta ndani yake neno moja la adabu juu ya mume wangu nikakuta hesabu tu. Kisima kile ni wakfu wa Maalim Faki. Kila anayekata kiu pale, yeye huandikiwa thawabu kaburini mwake. Wewe uliingia nyumba hii na sanduku moja la nguo na ukanywa maji hayohayo miaka minane, hatukukuona ukifa.

Kuhusu wagonjwa, usidhani sisi huku tumelala. Mimi mwenyewe naandika kombe, aya za Kurani kwa zafarani juu ya sahani, naliosha kwa maji ya kisima cha Maalim kwa ajili ya baraka yake, nawapelekea wanywe, na wazima nao nawapa liwe kinga. Tangu Agosti nimempelekea Bi Rukia kule nyuma ya soko, nimempelekea yule mzee mnyoa nywele karibu na barabara, na hata Easter, mke wa Dzombo mwashi, Mkristo yule, alikuja mwenyewe kuniomba kwa ajili ya mwanawe wa kwanza. Nao wote hao wana visima vyao. Wanakuja kwangu kwa sababu wanajua.

Basi usitufundishe maji.

Mama yako,
Shekha binti Amin


Kilifi, 14 Oktoba 1986
Asubuhi kavu, mawingu upande wa bara.

Shikamoo Mama.

Nimepokea barua yako na makosa yangu nayakubali. Nilikuandikia hesabu kama ninavyomwandikia mkubwa wangu. Ndani ya bahasha hii nimekuwekea picha. Tafadhali ifungue mezani, mchana, kabla hujaendelea kusoma.

Afisa wetu wa afya, Bwana Musembi, ndiye aliyenionyesha namna. Nimechora mtaa wetu kama anavyouona ndege. Kila mraba ni nyumba. Mistari miwili ni njia ya msikitini. Alama ya buluu ni kisima. Kisha nikachukua majina ya wagonjwa wa Septemba, na kwa kila mgonjwa nikaweka nukta nyekundu kwenye nyumba yake. Aliyefariki nukta yake nimeizungushia duara. Basi. Hakuna cha kujumlisha wala kugawanya.

Utaona nukta zimekizunguka kisima kama nzi kwenye embe lililopasuka. Kadiri unavyokwenda mbali, ndivyo zinavyopungua, na ukifika kwenye nyumba zenye bomba hazipo kabisa.

Lakini nukta tatu zilinishinda. Moja nyuma ya soko, moja karibu na barabara, moja kwa Dzombo. Bwana Musembi aliniambia, "Mahfudha, hizo tatu zitakuharibia mchoro, watu watasema basi si kisima." Nikakaa nazo siku mbili. Kisha barua yako ikafika, ukanitajia uliowapelekea kombe. Bi Rukia, mnyoa nywele, mtoto wa Easter. Ni walewale watatu, Mama. Kombe walianza Agosti, homa ikawapata Septemba. Aya hazina kosa. Kosa ni la maji yaliyoziosha.

Bwana Musembi ametuma chupa ya maji Mombasa ipimwe, ila majibu huchukua wiki nyingi, na bila majibu hawezi kufunga kisima cha wakfu watu wasipokubali. Lakini wakiiona picha hii watakubali. Hata asiyejua kusoma ataielewa. Nimeituma kwako wewe kwanza kwa kuwa wewe ndiye mama wa nyumba na kisima ni chenu. Mwonyeshe imamu. Kisha iwekwe mlangoni pa msikiti kabla ya Maulidi.

Nukta yoyote utakayoona haipo sawa, niambie nitairekebisha.

Mkaza mwanao,
Mahfudha


Mambrui, 19 Oktoba 1986

Kwa Mahfudha.

Picha nimeifungua mezani, mchana, kama ulivyotaka. Nimeifahamu. Sijapata kufahamu jambo upesi namna ile tangu nizaliwe. Niliweka kidole kwenye kisima nikakipeleka nyumba kwa nyumba, na kila nyumba nilijua nani amelala kitandani.

Una mkono mzuri. Hata mdomo wa njia ya kwa Dzombo umeupinda ulivyo.

Nimefanya linalopasa. Kwa Kibibi usiwe na wasiwasi hata kidogo, tangu jana hanywi tone la maji ya kisima. Wala mimi.

Mama yako,
Shekha


Kilifi, 3 Novemba 1986
Asubuhi ya mvua kubwa. Njia ya ofisini imejaa maji mpaka vifundoni.

Mama,

Hesabu za Oktoba zimeingia. Nimechora picha ya pili na nakutumia. Nilidhani nitachora nukta chache. Nilimaliza wino wa kalamu moja nikaanza nyingine.

Nilipomaliza niliibandika ukutani nikaenda mbali kidogo kuitazama. Mtaa wote ni mwekundu. Kwa Dzombo sasa kuna nukta mbili, na ya pili ina duara. Ni Kavumbi, binti mdogo wa Easter, yule aliyekuwa akicheza na Kibibi barazani. Alipelekwa zahanati tarehe 24 na kufariki tarehe 29. Kwao hawachoti kwenye kisima cha Maalim, Mama. Maji yake yalimfikia vipi?

Na katikati ya wekundu huo kuna mraba mmoja mweupe, ubavuni mwa kisima chenyewe. Nyumba iliyo karibu kuliko zote. Nyumba yetu.

Bwana Musembi aliiona kabla sijamwambia kitu. Akaniuliza, "Hawa ni malaika?" Nikaichukua barua yako ya mwisho nikaisoma tena.

Uliniandikia kuwa umefanya linalopasa. Niambie uliwaambia watu gani.

Mahfudha


Mambrui, 6 Novemba 1986

Kwa Mahfudha binti Salim.

Unauliza kama unayejua jawabu, basi nitakujibu wazi.

Sikumwambia mtu. Kila alfajiri Gitau, yule mchuuzi wa maji mwenye mkokoteni, hutuletea madebe mawili ya bomba. Majirani wakiuliza nasema tumbo langu limezeeka. Kombe niliendelea kupeleka kwa waliolizoea, kwa maji yaleyale, kwa sababu ningeacha wangeniuliza mbona nimeacha, na ningebadilisha maji wangeona nachota wapi. Easter alikuja tena kutaka kinga ya yule mdogo. Alisimama mlangoni na kikombe chake. Ningemwambia nini? Rudi, kisima cha mume wangu kina sumu?

Wewe unaona nukta. Mimi namwona Maalim. Miaka kumi na miwili yuko mchangani na hana kitu kinachomfuata ila maji hayo. Mwanawe yuko Maskati, msikiti haukumjengea kuba, kitabu hakuandika. Watu wakianza kutema mate wakitaja kisima chake, atabaki na nini? Walioandikiwa kufa wamekufa. Maulidi yakipita nitasema kisima kimekauka na nitakifunga mwenyewe, kwa heshima.

Sasa nisikilize vizuri. Wewe ni mtu wa mpango, chini ya picha ya kwanza umeandika tarehe kwa mkono wako. Ukiibandika picha popote katika mji huu, watu hawatatazama kisima. Watautazama mraba mweupe. Watauliza nani alijua, tangu lini. Tarehe itawajibu. Na ndani ya mraba huo yumo mwanao. Hutaweza kumchora nje.

Kumchukua pia hutaweza. Nimekwisha kumwandikia Abdillahi, naye anajua mkewe anaishi peke yake kwa wageni. Neno la mtoto ni la baba yake.

Picha zote mbili zipo chini ya godoro langu. Nalala juu yake na usingizi naupata.

Shekha binti Amin


Kilifi, 8 Novemba 1986
Asubuhi ya jua kali baada ya mvua.

Bi Shekha,

Nakuandikia ili usije ukasema nilikuja kwa kificho, na barua naituma kwa mkono wa dereva ikufikie leo hii. Kesho nakuja Mambrui na Bwana Musembi. Picha nimeichora upya kwenye shuka, kubwa, ili anayesimama nyuma ya watu aione. Oktoba imo yote. Tarehe ya picha ya kwanza nimeiandika, na kwamba nilikutumia wewe.

Jana Bwana Musembi alichukua kalamu nyekundu akaniwekea mkononi. Akasema, "Weka nukta moja tu kwenye nyumba ya mtoto wako. Katika nukta hizi zote nani atahesabu moja? Watu watafunga kisima na hakuna atakayewanyooshea kidole." Alisema kwa huruma, hakuwa na nia mbaya. Niliishika kalamu ile muda mrefu. Nukta moja ya uongo ingemlinda Kibibi. Lakini mama wa mgonjwa akija mbele ya shuka akauliza nukta hii ni nani, nami nikamtajia mgonjwa ambaye hakuugua, atakuwa na haki ya kuuliza na hizi nyingine ni akina nani. Wataanza kubishana juu ya shuka, na Maulidi ni wiki hii.

Nimeuacha mraba mweupe. Mtoe Kibibi mjini leo, umpeleke kwa dada yako Jilore mpaka watu watulie. Hilo tu nakuomba. Nakuomba kama nilivyokuwa nikikuomba zamani.

Mahfudha


Mambrui, 18 Novemba 1986

Kwa Mahfudha.

Uliondoka na gari la ofisi kabla watu hawajamaliza kutazama, basi nakupa yaliyobaki.

Umefanikiwa. Ile shuka ilishinda khutba. Imamu alikuwa na maneno, hakuna aliyemsikiza, maana hata watoto walikwisha kuelewa. Kabla ya adhuhuri kisima kilipigiliwa mbao. Maulidi yamesomwa kwa maji ya tangi kutoka Malindi na hakuna mgeni aliyeugua. Hongera.

Easter alikuja na kanga ya matanga. Watu wakampisha. Akaweka kidole kwenye duara la nyumba yake, akakaa nalo. Kisha akakiburura kidole polepole mpaka kwetu, akauliza, "Na hapa?"

Akauliza tena, "Nasema na hapa, ubavuni pa kisima, mbona pasafi?"

Gitau ndiye aliyejibu, yule mbwa. "Hapo mimi napeleka madebe mawili ya bomba kila alfajiri, mama. Tangu mwezi uliopita. Nikadhani Bi Shekha amepata pesa za Maskati, kumbe alikuwa na ramani."

Wakacheka, Mahfudha. Watu wenye maiti ndani walicheka. Easter hakucheka. Aliisoma ile tarehe yako kwa sauti, silabi kwa silabi, kisha akahesabu kwa vidole mpaka siku aliyokuja kwangu na kikombe.

Kwa Jilore hatukwenda. Kwa nini nimfiche mtoto wa watu waungwana? Barua yako nilimpa aitazame mwandiko.

Sasa hivi mlangoni kwangu hagongi mtu. Gitau hapiti, maji namtuma Kibibi, naye bombani hungojea mpaka wote wamalize, hata waliokuja nyuma yake. Chuoni anakosoma Kurani mwalimu amesema akae nyumbani kwanza. Watoto wamechora ukutani kwetu kwa makaa, mraba mmoja mkubwa hauna kitu ndani. Nimeufuta, wameuchora. Juzi nimemkuta Kibibi ameponda mbegu nyekundu za mzingefuri, rangi yake akaitia kidoleni, anapiga nukta ndani ya ule mraba, moja baada ya moja. Nikamwuliza wafanya nini. Akasema, "Natuweka sisi wagonjwa, ili Easter aturudishie salamu."

Ameniuliza nani alichora ile shuka. Nimemwambia kweli. Wewe si ndiye unayependa kweli? Nimemwambia mama yako alikuwa na kalamu nyekundu mkononi, akakutazama, akakuacha mweupe.

Shekha binti Amin


Maskati, 27 Novemba 1986

Mahfudha,

Mama amenitumia picha zako mbili. Mimi ni mpaka rangi, sikusoma mpaka uliposoma wewe. Lakini nilizilaza sakafuni moja kando ya nyingine na sikuhitaji mtu wa kunieleza. Wenzangu wa chumbani walipita wakaelewa pia.

Alilolifanya mama yangu nimeliona. Sitalisema kwa mdomo wangu, ni mama yangu.

Nina swali kwako. Tarehe 14 Oktoba ulikuwa na picha kamili mkononi. Zile nukta tatu za mbali ulikwisha kuzifahamu, kombe ulikwisha kulijua. Stempu ilikuwa moja. Kwa nini uliituma kwa mama na hukuituma kwa Easter?

Talaka yako nimeiandika mbele ya mashahidi na nakala iko ndani ya bahasha hii. Kibibi atabaki kwa mama. Usiende kumtaabisha pale mlangoni, watu wanatazama.

Abdillahi


Kilifi, 9 Desemba 1986
Asubuhi tulivu, kaskazi imeanza, anga safi mpaka baharini.

Kwa Abdillahi, Maskati.

Nimepokea barua yako na karatasi iliyomo. Sina la kuongeza juu ya karatasi.

Swali lako nalijibu kwa sababu umeuliza jambo la haki. Niliituma kwa mama yako kwa kuwa ndivyo tulivyolelewa. Jambo la nyumba humfikia kwanza mama wa nyumba, naye ndiye huamua litoke lini na mlango upi. Sikukaa nikachagua. Niliandika jina lake juu ya bahasha kama ninavyoandika tarehe, bila kufikiri. Easter hakunipitia akilini hata kidogo. Nilikuwa nimemweka kwenye picha, nukta na mraba na njia iliyopinda, na sikukumbuka kuwa ana mlango wa kugongwa.

Jumamosi nilikwenda Mambrui. Nilianzia kwa Easter. Alinipa kigoda nikakaa. Dzombo alikuwa akichanganya chokaa uani, hakugeuka. Nilimwambia Easter niliyokuandikia wewe hapa. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Shuka yako imewaponya wengi, dada. Mimi niliifahamu vizuri sana. Afadhali ningekuwa sikuifahamu, ningeendelea kusema ni Mungu." Akaniomba nisirudi.

Kwa mama yako sikugonga. Nilisimama ng'ambo ya njia. Kibibi alitoka na debe, amekonda, na hakuna aliyemsaidia kujitwisha. Nikavuka, ushungi usoni, nikamtwisha. Akanishukuru kama anavyomshukuru mtu mzima yeyote, shikamoo na asante, akaenda zake. Sijui kama alinitambua na sijui lipi lingekuwa afadhali.

Hesabu za Novemba zimeingia leo. Majibu ya ile chupa pia yamekuja, yanasema tulichokwisha kuona. Tangu kisima kifungwe wagonjwa wamepungua mpaka wakaisha, na wiki mbili za mwisho sina hata mmoja. Bwana Musembi anataka picha zote tatu zibandikwe ofisini zipate kufunzia makarani wapya. Ameniomba niimalize ya tatu usiku huu.

Nimeimaliza, ni ya wiki hizo mbili za mwisho. Nyumba zote ni nyeupe. Ukiitazama leo, huwezi kuonyesha ya mama yako ni ipi, labda uwe umezaliwa mtaa ule. Huko wanaijua wote.

Nakutumia nakala, ukitaka umpelekee.

Mahfudha

Barua nimeimaliza saa sita usiku. Sasa ni saa kumi kasorobo, ndipo nalala.